Kisu cha Kumenyea Machungwa

Ukumbini kwenye mkutano wa mtaa walitundika picha ya kaka yangu nyuma ya kiti cha mwenyekiti, wameikuza ikawa kubwa kama mlango, naye anacheka. Picha ile ilikuwa ukutani kwenye bucha letu. Sikuwapa mimi.

"Kwa ajili ya kijana huyu," mwenyekiti akasema, "kisu chochote kinachozidi urefu wa kiganja kisitoke nje ya nyumba. Wenye mabucha wafunge, wasubiri vibali."

Makofi. Nikasimama, mikono bado inanuka mafuta ya ng'ombe.

"Kaka yangu alichomwa kwa kisu cha kumenyea machungwa! Kinaenea kwenye ngumi. Sheria yenu inakiacha kitembee, inafunga changu!"

"Fisi anatetea bucha!" mtu akadakia nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Wewe," nikamgeukia, "njoo kesho ununue nyama. Nitakukatia kwa ulimi wako, naona ndio mkali kuliko vyote humu."

"Dada, punguza jazba," mwenyekiti akasema.

"Aliyemuua mlikuwa mnamjua. Alishawatishia watu sokoni, tukaja kuwaambia, mkasema ni pombe tu. Leo kisu ndicho kimeota miguu?"

Nikahisi mkono ukinivuta nguo. Mama.

"Kaa, mwanangu." Yeye akasimama. "Picha niliwapa mimi. Naiunga mkono sheria."

Nikakaa. Mama ndiye aliyenifundisha kutafuta kiungo kwa kidole kabla ya kukata. Tangu mazishi alikuwa hajagusa kisu; alisimama kwenye mizani tu.

"Na bucha je, mama?" nikamnong'oneza.

"Bucha ndilo nililozaa? Nataka kitu kifungwe kwa ajili yake. Chochote."

Mikono ilipoinuliwa kupitisha sheria, wake ulitangulia. Yangu ilibaki mapajani, imekunjwa ngumi.

Tuliporudi buchani alitandika gunia juu ya gogo la kukatia. "Lete visu."

Kwetu kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono. Unakilaza, mwenzako anakiokota. Basi nikavilaza kimoja kimoja, kwa hasira, vikilia juu ya mbao. Cha kuchunia. Cha mifupa. Kile kirefu cha marehemu bibi. Mama akaviokota, akavifunga guniani. Nyuma yake, mahali pa picha, ukuta ulikuwa mweupe.

Nikalaza cha mwisho, kile kidogo tunachomenyea matunda mchana.

Akakiokota, akafumba mkono. Kikapotea.

"Na hiki?"

"Hicho hakikatazwi, mama. Hicho ni halali kabisa."

Akafumbua kiganja, akakitazama. Kisha akakitupa kwenye ndoo ya mifupa kwa nguvu, ndoo ikapinduka.

"Wamemtundika mwanangu," akasema, "ili wakiache hiki?"

Akafungua gunia, akaumwaga mzigo wote juu ya gogo.

"Vaa viatu. Kabla hawajafunga ukumbi, nataka picha yangu."