Mji Nilioutoa Mlimani

Naingia hemani kujinyoosha kidogo tu, miguu inawaka moto na makalio sina habari nayo tena kwa kukalia tandiko la baiskeli tangu asubuhi. Ni mchana bado, ila ukungu wa kipupwe umeifunika Usambara yote na jua limekata tamaa. Rafiki zangu wawili wako nje. Kihiyo, ambaye amejifanya mwenyeji wetu kwa sababu mama yake ni Msambaa na hachoki kutukumbusha, anachemsha chai. Salha anahangaika na breki zake, ambazo tangu tupite mji wa Soni zinalia tu bila kushika. Mtandao hakuna, basi wanategeana vitendawili kama watoto. Kihiyo anatega, Salha anashindwa, Kihiyo anadai mji, Salha anampa Dodoma, Kihiyo anajifanya amekwenda huko akala akashiba, ndipo anatoa jibu. Kisha Salha anasema anakwenda kuijaribu baiskeli mteremkoni, mara moja. Nataka kumwambia asiende, lakini ulimi ni mzito, macho yanafumba, mlango wa hema unapepea, nauinua, natoka.

Natoka na moto haupo. Kihiyo hayupo. Ipo njia moja tu, nyekundu, na alama ya tairi la Salha inateremka nayo. Nachukua baiskeli yangu nafuata, na njia inayoteremka inaanza kupanda bila kuacha kuteremka, sijui nieleze vipi, nasukuma huku nabana breki. Ndani ya ukungu nasikia sauti ya Salha, hazishiki, Tumu, hazishiki, inapita chini yangu, kisha inapita juu yangu. Nafika mjini. Ni Lushoto au ni Lushoto ya kwenye kioo, maana maandishi ya madukani yamegeuka, cherehani zinafumua badala ya kushona, na watu wote wamenipa mgongo. Nikimzunguka mtu nimwone uso, mgongo wake unazunguka nami. Mwisho wa mji amesimama mtu na baiskeli, amevaa koti la mvua, na ndani ya kofia ya koti hakuna uso, kuna ngozi tu, laini, imeziba. Namwamkia shikamoo, maana umri wake siujui na mtu wa namna hiyo humkosei adabu. Namuuliza mwenzangu amepita wapi. Mdomo hana lakini anasema, kitendawili. Na mimi kwa mazoea ya utotoni najibu, tega.

Kupanda nambeba, kushuka ananibeba. Nawaza mtoto, nawaza mzigo, nawaza kifo, jasho linadondokea usukani nilioushika, jibu silipati. Nipe mji, anasema. Nampa Mombasa, kwa sababu ni mbali na sina mtu huko. Nimekwenda Mombasa, anasema, nimekaribishwa, nimeketi. Jibu ni baiskeli. Natazama bondeni, ambako miji yote imetandazwa, naona mmoja unafutika, mapaa yake na minara yake na kelele zake. Naendelea na njia, inapinda, inapinda, inanirudisha kwa migongo ileile na yeye yuleyule. Anatega tena, nyumba yangu haina msingi, nikihama naibeba. Konokono, nasema haraka, nimefurahi. Konokono hahami, ananijibu, anatembea tu, nipe mji. Nampa Korogwe, jibu linakuwa hema, na Korogwe inafutika, ndipo nakumbuka kwamba mjomba wangu yuko Korogwe, anauza machungwa stendi, na jana tu alitujazia mfuko. Nalia wazi, sijifichi.

Namwomba anirudishie mwenzangu, basi, inatosha. Anasema kimebaki kimoja. Walilala watatu, wakaamka wanne, na hakuna aliyezaliwa. Sijui. Bondeni ukungu umeimeza mingine yote, umebaki mji mmoja, na hata kwa ukungu huu naujua: ni Muheza, naliona bati la nyumba yetu, namwona mama uani anaanika nguo za mwanangu. Nipe mji, anasema, kwa upole. Hapo ukungu unapasuka, Salha anapita mbele yangu, miguu inaburuta chini, ananyoosha mkono nimshike, nashika hewa, na mbele yake njia imekatika, ni genge. Muheza siwezi. Salha siwezi. Ndipo ujanja unanijia, na najiona nina akili kuliko watu wote. Nakupa mji wetu wa mahema, nasema, ule wa juu, una moto, una mwenyeji, una kila kitu. Ngozi ya usoni pake inavutika taratibu, pale ambapo mdomo ungekuwa. Ahsante, anasema, huo ndio ninaoutaka tangu mwanzo. Ananyoosha mkono mmoja tu, anaudaka usukani wa Salha ukingoni. Na jibu, namuuliza. Nitakuletea nikishafika.

Nashtuka. Salha ananitikisa mguu, chai tayari. Namkumbatia, nampapasa mikono, mabega, mpaka anauliza nina nini. Ni mzima, ana mchubuko kiganjani tu. Breki zilinigomea mteremkoni, anasema, ningeishia gengeni kama nisingeshikwa. Umeshikwa na nani? Ananitazama kama ninamtania. Na nani tena, si mwenzetu. Natoka nje. Moto upo, Kihiyo yupo, anamimina chai kwenye vikombe vinne. Baiskeli zimeegemezwa kwenye mti, nazo ni nne. Ng'ambo ya moto, juu ya jiwe, ameketi mtu wa koti la mvua, amenipa mgongo. Namvuta Kihiyo shati, namnong'oneza, tumekuja wangapi? Wanne tangu Tanga, anasema, hebu kanawe uso, Tumu. Nairudia safari kichwani nimtoe, na kila ninapotazama yumo, ananisukumia baiskeli kwenye kilima, ananimenyea chungwa. Sijui kama nimeamka au nimezidi kulala. Kihiyo ananipa kikombe cha mwisho nimpelekee. Natembea nacho, kinanimwagikia vidoleni, nasimama nyuma yake, namwambia chai yako hii.

Ahsante, anasema, nimefika mji wenu, nimekaribishwa, nimeketi. Na anaanza kugeuka.