Neno la Kunakili

Pale kiwandani, mfasiri wa lebo za dawa alitakiwa kumaliza lebo arobaini kwa siku, na kazi ya namna hiyo ina ujanja wake. Ukikutana na neno gumu huhangaiki na kamusi. Unafungua jalada la lebo za zamani, unatafuta dawa inayofanana, unanakili. Ndivyo alivyofanya miaka miwili nyuma, alipoletewa dawa nzito ya maji yenye neno la Kiingereza asilowahi kulisikia: demulcent. Lebo ya vidonge vya koo ilisema "Huponya koo". Akaandika hivyo hivyo, akaenda zake kula.

Mama yake alivimba kichwa. Kila mgeni alionyeshwa chupa ya dawa ile hata kabla hajapewa maji ya kunywa. "Haya maneno ameandika kitinda mimba wangu," alisema. Koo lake lilipoanza kuuma alinunua chupa ya kwanza, kisha ya pili, na sauti ilipokauka akadai hiyo ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Binti yake mkubwa alipomsihi waende hospitali, alikatizwa.

"Wewe unajua kuliko mwenzako aliyeiandika?"

Mama alipopelekwa, hata uji ulikuwa haupiti. Daktari aliwaita watoto pembeni akawaambia uvimbe umeshasambaa; angeletwa mwanzoni mwa mwaka, wangekuwa na la kufanya. Akauliza mgonjwa alikuwa akitumia nini muda wote huo. Dada mtu akaitaja dawa.

Mchana ule ule mfasiri alirudi kiwandani, akaichomoa kamusi kubwa chini ya kompyuta, ambako kazi yake ilikuwa kuinua kioo. Neno lilikuwepo, limekaa kwa raha zake. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupapasa kwa kiganja, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayembembeleza mtoto anayelia. Ni dawa ya kufunika palipochubuka ili maumivu yapungue. Kuponya hakukutajwa popote. Ilikuwa dakika moja tu ya kusoma, na dakika hiyo alimnyima mama yake mzazi.

Wodini alimkuta mama ameishika chupa, anamwonyesha mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke mwenye uvimbe shingoni.

"Msomee mwenzangu," mama alinong'ona. "Macho yake mabovu."

Mfasiri aliitazama lebo. "Mama, haiponyi. Inatuliza tu. Nilikosea kuandika. Ni kosa langu, mama, nisamehe." Akamgeukia yule mwanamke. "Na wewe mama, tafadhali, msikilize daktari. Hii usiitegemee."

Mama alimtazama kwa huruma, kisha akacheka bila sauti.

"Ndivyo alivyo huyu," alimwambia jirani yake. "Tangu mdogo hapendi kusifiwa. Ukimsifu tu, anajishusha."

Mfasiri akarudia. Akaapa. Mama akampigapiga mkono kumtuliza, akafungua kinywa kusubiri kijiko chake. Hakuwa na jingine la kumpa. Akamimina, nusu ikamwagika kwenye shuka.

Kwenye kitanda cha pili, yule mwanamke alikuwa akimwomba muuguzi amwandikie jina la dawa ile.