Unga wa Ndani ya Kompyuta ya Papa Honoré

Astrid alipofika nyumbani kwa Papa Honoré, Masisi-centre, alikuta kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu ya kitambaa pana maua ya plastiki. Mama Nadine, mke wa Honoré, aliondoa maua, akaondoa kitambaa, kisha akarudi nyuma hadi dirishani na kuziba pua kwa ncha ya kitenge.

"Inawaka kidogo, inakwama," alisema. "Sasa haitaki hata kuwaka."

"Na hii harufu?"

"Ilianza wakati ya mvua. Zamani ilikuwa inanuka tu tukifungua picha. Sasa iko inanuka siku yote."

Astrid alikuwa amesoma informatiki Goma, na watu wa Masisi walimwita kila mashine zao zilipoharibika. Alibonyeza kitufe. Taa ya kijani iliwaka, feni ikajaribu kuzunguka, ikagoma. Skrini ilibaki nyeusi. Alikagua betri za sola, zilikuwa nzima. Akachomoa waya, akashikilia kitufe ili umeme uliobaki uishe, akachomeka, akajaribu tena. Kitu kilikoroma ndani kama tumbo la mtu aliyekula vibaya.

Papa Honoré alitoka chumbani akifunga vifungo vya koti. Yeye ndiye rais wa komite inayogawa chakula katika kambi ya wakimbizi ya Lushebere.

"Mutekinisia mwingine alisema ni virusi," alisema.

Astrid alifungua ubavu wa kasha. Unga ukamwagikia magotini.

Ulikuwa unga wa mahindi, ule wa msaada. Ulikuwa na unyevu, umeshikana mabonge, na mabonge yameota ukungu wa kijani. Funza weupe walitembea juu ya vyuma vya ndani bila haraka.

"Virusi haiko na funza, Papa."

"Basi utoe."

Alichota kwa kikombe, kisha kwa sahani, kisha kwa beseni. Kila alipochota, unga mwingine ulishuka kutoka nyuma ya feni na kujaza pengo. Mama Nadine alitandika turubai barazani, na turubai lilipojaa akatandika lingine. Kuku walikuja, wakadonoa, wakaenda kufuta midomo kwenye majani. Uvundo uliingia kwenye nywele za Astrid, kwenye mate yake. Alienda mara moja nyuma ya nyumba kutapika, akasukutua, akarudi kuchota.

Unga huo aliujua. Wakati wa mvua, watu wa kambi waliambiwa kwamba daraja lilivunjika na lori la unga na maharagwe lilirudi lilikotoka. Emérita, mdogo wake, aliyekimbilia kambini kutoka Kirolirwe na watoto wake, alikuwa akichemsha majani matupu. Nywele za Rukundo, kitinda mimba wake, ziligeuka nyekundu, na miguu yake ikavimba.

"Papa, mulisema kamiyo ilirudi ju daraja ilivunjika."

"Ilivunjika."

"Na hii bunga ilipita wapi?"

Honoré aliitazama kompyuta kama mtu anavyomtazama mbwa aliyejisaidia mbele ya wageni.

"Mama Astrid, nilikuita ju ya mashine."

Mchana unga ulikwisha. Astrid alifuta ndani kwa pombe kali, akasugua kadi ya kumbukumbu kwa kifutio, akatoa funza wa mwisho kwenye feni kwa kibano, akafunga. Alipobonyeza, mashine iliwaka bila kelele. Picha iliyotokea kwanza ilimwonyesha Honoré amesimama katikati ya magunia, anacheka, na nyuma yake wakimbizi wamenyoosha mikono.

"Iko muzuri," alisema Honoré. "Hata inakimbia kupita zamani."

"Ile bunga mutupe mu choo. Iko sumu."

"Kutupa chakula ya batu?" Alionekana ameumia kweli. "Hapana. Batachunga, funza itoke. Bamezoea."

Mama Nadine alikuwa ameshaleta magunia. Astrid alimwendea pale alipochuchumaa, akishona mdomo wa gunia kwa sindano ndefu.

"Mama, wewe unaweza kupikia batoto yako hii?"

"Bangu banakula muchele," alijibu Nadine, akakata uzi kwa meno.

Kesho yake unga uligawiwa Lushebere. Honoré alitangaza kwamba daraja limetengenezwa, watu wakapiga makofi, mama mmoja akaombwa kuongoza sala. Picha zilipigwa. Wale waliopokea walishika unga mbali na uso, lakini waliushika.

Astrid alipofika kwenye kibanda cha Emérita, chungu kilikuwa tayari motoni. Alimwambia mdogo wake ulikotoka unga. Emérita aliendelea kusonga bugali, akitoa funza mmoja mmoja kwa ncha ya mwiko na kuwaweka pembeni.

"Najua," alisema. "Bunga ya ndani ya mashine iko na harufu yake."

"Itawaua."

"Tukitupa, leo batoto bakule nini?"

Rukundo alimega, akatafuna, akatapika mlangoni. Akafuta mdomo, akarudi, akaingiza tena mkono katika sahani. Ndugu zake walimsogezea upande uliokuwa na ukungu kidogo.

Emérita alimwekea dada yake sehemu yake. Astrid alinawa, akala, kwa kuwa hakuweza kukaa akiwatazama tu. Bugali ulikuwa na ladha ya plastiki iliyoungua, na ulishuka kwa shida, kama kamasi. Huko nje komite ilikuwa inaimbiwa wimbo wa shukrani.

Emérita alikusanya sahani.

"Na ile maharagi ya kamiyo," aliuliza, "iko mu mashine ya nani?"

"Sijui," alisema Astrid. "Hawajaniita bado."