Nusu ya Mighafu ya Bidiya

Kaltham alikwisha andika maelezo ya kibao kitakachosimamishwa msituni, na afisi yake ilikuwa imeridhika nayo. Yalisema: kimsitu cha mighafu, miti ya jangwani mia na arubaini, nje kidogo ya Bidiya, Omani, kinazuia mchanga wa jangwa usivamie mashamba ya mitende. Zamani kilikuwa kikubwa mara mbili, kikapungua kwa ukame. Ukame! Neno zuri hilo, halimuudhi mtu.

Aliyemtibulia ni Bi Hamda, bibi wa Kibedui anayelisha mbuzi wake humo. Kwao mghafu mbichi haukatwi; hupunguzwa matawi tu, mbuzi wakala.

"Ukame gani?" alimuuliza kwa Kiarabu aliposomewa maelezo. "Lilikuwa shoka. Kamuulize baba yako."

Kaltham alirudi nyumbani na moyo mzito. Baba yake, Mzee Marhun, alikuwa barazani akinywa kahawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mighafu ile aliikata nani?"

Mzee aliweka kikombe chini. "Mimi."

Akaeleza bila ya kuzunguka. Alipofika kutoka Unguja, kijana, alipewa kiwanja, akaona miti ya miba. Kwao pori hufyekwa, watu wakapanda cha maana. Alifyeka msimu mzima wa baridi, akapanda migomba na mikarafuu. Naam, mikarafuu, jangwani! Joto la Juni liliimaliza yote. Kisha mchanga ukaingia, ukaziba falaji, mfereji unaonywesha mitende ya mji mzima. Majirani waliuzoa siku kumi na mbili.

"Wangenitukana ningepumua," alisema. "Walinyamaza, wallahi, mpaka leo."

Kaltham alimwonea huruma, na aibu pia, tusifiche. Akafungua kompyuta, akafuta ukame, akaandika kwamba nusu ya msitu ilikatwa na mkulima mmoja mgeni. Aliona amefanya la busara: ukweli umesemwa, na baba amesitirika. Akamsomea.

Mzee alicharuka. "Mgeni nani? Miaka khamsini nanywa maji ya falaji hii, mama'ko nimemzika hapa, bado mgeni?"

"Baba, watu watasoma. Wajukuu zako watasoma."

"Na wasome! Nimewakatia miti yao, nimewazibia maji yao, wakanivumilia kama mtu wa kwao. Leo unitoe wewe? Andika Marhun bin Hood, wa Bidiya."

Kaltham aliandika jina, akasita hapo.

"Wa Bidiya," mzee alimhimiza. "Mbona huandiki?"