Pleti Iliyotazama Kusiko

"Kanyaga!" mume wangu aliita kutoka chini ya gari, na mguu uliokanyaga haukuwa wangu.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia," akajibu yule mwanamke aliyekaa kwenye kiti changu.

"Achia!"

Nilikuwa mlangoni pa jikoni na sinia la vitunguu mkononi, nawasikiliza wakitoa upepo kwenye klachi ya gari letu kama watu wanaoitikiana wimbo. Wenye magari ya zamani wanaijua kazi hiyo: mmoja chini na spana, mwingine juu kwenye pedali, na hakuna anayefika popote bila mwenzake. Tangu tuoane, mguu wa juu ulikuwa wangu.

Na kiti alikisukuma nyuma mpaka mwisho. Ana miguu, jamani! Si bure mtaa mzima ulimwita Twiga.

"Shoga," jirani yangu akaninong'oneza, yeye ambaye hajawahi kukosa mahali penye kicheko, "mimi sisemi kitu. Lakini mwanamume anayecheka chini ya gari bovu, huyo ubovu hauoni."

"Si umesema husemi kitu?"

"Basi si ndiyo nimenyamaza."

Gari lile ndilo lililotulisha. Lilibeba viti na maturubai ya kukodisha, mimi dereva, yeye fundi. Mwaka ule klachi ikaanza kuteleza. Ukifika mlimani injini inalia kama imefiwa, gari lenyewe limekaa, na harufu ya kuungua inakuingia mpaka kwenye nywele. Mume wangu akasema, maadamu giaboksi lazima ishuke, basi ile ya gia nne isirudi tena. Tuweke ya gia tano, kutoka gari lililogongwa. Klachi angeiweza mwenyewe. Lakini giaboksi mpya ilikuwa ndefu zaidi, propela, ule mhimili wa kuzungusha magurudumu, ikatwe, chuma cha kuibeba kisogezwe, na hiyo, akasema, ina mtu wake. Nikatarajia mzee mwenye kitambi. Akaja Twiga, na ovaroli iliyomkaa utadhani kashonewa.

Nilimkaribisha, maana nyumba yangu haijui kufunga mlango. Nilimlisha. Nilicheka utani wake, ambao ubaya wake ni kwamba ulichekesha kweli. Ndani lakini nilikuwa nawaka kama kaa lililofunikwa majivu. Watu husema wivu hukondesha. Mimi niliufuga siku zile zote, na gauni halikulegea hata kidogo.

Kila nilipopata kisababu nilipita pale. Nilianika nguo zilizokwisha kauka. Nilifagia palipofagiwa. Nyuso zao sikuzitazama sana, maana uso wa mtu mzima unajua kujizuia. Niliangalia mikono. Nilijua nani kampa nani spana, na vidole viligusana wapi.

Sasa Twiga akawasha gari, akakanyaga klachi, akajaribu gia ya kwanza. Giaboksi ikakwaruza kwa sauti iliyowatoa majirani madirishani. Wakatoa upepo tena. Kanyaga, shikilia, achia. Ikakwaruza tena. Wakalaumu mafuta ya klachi, wakalaumu mipira, wakamlaumu hata aliyetuuzia giaboksi, ambaye hakuwepo kujitetea.

"Pleti imegeuka," nikasema.

Nikaweka sinia chini.

"Pleti ya klachi. Lile tumbo lenye springi linatakiwa litazame giaboksi. Nyinyi mmelitazamisha injini."

Mume wangu akatoa kichwa. "Umejuaje, mama watoto?"

"Nilikuona ukimpokeza huyu, alipokuwa yeye amelala chini."

"Kumbe dada ulikuwa unatuangalia," Twiga akasema polepole.

"Nilikuwa naanika nguo."

Jirani yangu akakohoa.

Walibishana kidogo, kisha wakaishusha giaboksi upya, kwa jasho na maneno ambayo siyaandiki. Pleti ilikuwa kama nilivyosema, imekwanguka katikati pale ilipogusa isipopaswa kugusa. Twiga akaizungushazungusha mikononi, akamgeukia mume wangu.

"Nilidhani umeshaigeuza uliponipa. Mtu ukiwa umelala kule, mikono juu, unapokea tu."

"Sijawahi kugeuza mimi," mume wangu akasema. Akaigonga ile pleti kwa kidole. "Huwa nageuziwa."

Kwa mtu wa maneno machache kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba. Maana siku zote yeye ndiye hulala chini, mimi ndiye humpokeza, na kila kitu kinamfikia kikiwa kimeshaelekea kinakokwenda. Sikuwahi kuliwaza jambo hilo, kama usivyowaza unapompa mwenzio kisu na mpini ukauelekeza kwake.

Ningependa kusema wivu ulizimika hapo. Haukuzimika. Twiga alicheka, akampiga kofi la begani, na kofi lile nililisikia mimi.

Jua lilikuwa bado lipo tulipotoka kulijaribu gari: mimi kwenye usukani, Twiga katikati, mume wangu dirishani. Mlima tuliupanda bila harufu. Juu, barabara ikanyooka.

"Ya tano ivute kwako, dada, halafu isukume mbele," Twiga akasema.

Ikaingia. Injini ikashusha sauti, kama nyumba wageni wanapokwisha ondoka. Kwa mara ya kwanza watu tungeweza kusikizana ndani ya gari lile.

Shoga yangu, yule jirani, bado huniuliza, hata leo ambapo gari limekwisha uzwa na sisi sote tuna mvi: palikuwa na kitu, au hapakuwa? Namjibu sijui. Anadhani namficha, naye kwa kufichwa hana uvumilivu, basi hurudi wiki inayofuata kuuliza upya.

Tulipomfikisha Twiga kwake, mume wangu alishuka kumpisha. Wakaagana kwa viwiko, kwa sababu ya mafuta mikononi. Akapanda, akafunga mlango, akakaa pale pale dirishani. Kati yetu pakabaki nafasi ya mtu mzima.

"Sogea," nikamwambia.

Akatazama mbele kwanza, barabarani, kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Kisha akasogea.