Watu Wasioacha Nyayo

Jumatatu moja ya mvua, mwaka wa 1964, karani Theuri aliketi katika ofisi ya ardhi mjini Nyeri akilinganisha madaftari mawili. La kwanza lilikuwa na wenye nyumba wote wa Ruring'u. La pili, wenye mashamba yaliyopimwa. Kila jina la daftari la kwanza alilitafuta katika la pili, na asipoliona alilipigia mstari mwekundu. Mkubwa wake, Moffat, alitaka jumla ya mistari hiyo kabla ya Ijumaa.

Mjane mmoja, Ngendo, akaingia. Nje matope yalifika vifundoni, naye alikuja pekupeku, lakini sakafu ilibaki safi. Theuri hakushangaa. Tangu aanze kupiga ile mistari, watu wa namna hiyo walikuwa wakipita hapo kila siku, na mfagiaji aliwapenda sana.

"Niko na shamba hapo Ruring'u," Ngendo alisema. "Ya bwana yangu, Kingori. Mvua imefika na sijapanda kitu, na watoto watakula nini? Angalia tena."

Theuri akaangalia tena, ingawa alijua. Siku majina ya wenye mashamba yaliposomwa barazani, Kingori alikuwa kizuizini mwa serikali ya kikoloni, na huko ndiko alikofia. Ngendo aliitikia kwa niaba yake. Wazee wa kamati ya ardhi wakasema mke haitikii jina la mume, wakaendelea na jina lililofuata. Shamba likaandikwa la Wamae, mmoja wa wazee hao hao.

"Hakuna, mama."

"Sasa mimi niko wapi?"

Theuri hakuweza kutulia. Aliinuka, akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Ngendo alipoondoka, alimpelekea Moffat madaftari na kumsihi awaandikie wakubwa majina yenyewe.

"Ati majina? Wameitisha hesabu," Moffat alisema. "Wako wangapi?"

"Sitini na wanane."

Hesabu ikaenda Nairobi, ikarudi na muhuri na pongezi kwa usahihi wake. Theuri aliona aibu, kisha akanywa chai yake.

Maharagwe yalipoota, Wamae alimwandika Ngendo kibarua cha kupalilia lile shamba. Alikuwa amesikia kwamba watu waliopigiwa mstari hawaharibu miche.

"Huyu mama ni mzuri," aliwaambia majirani mpakani. "Anapita shamba yote, na huwezi jua kama kuna mtu alikuwa hapa."