Maji ya Kwenye Picha

Mwaka elfu mbili na tatu watu wa Singida mjini walishikwa na homa ya kupigwa picha wakiwa wamesimama juu ya maji. Ziwa Singidani lilikuwa palepale, mtu analifikia kwa miguu, na hakuna aliyejisumbua kwenda huko na kamera. Watu walitaka maji ya kompyuta. Unasimama studio juu ya zulia, umechana nywele vizuri, na siku ya kuchukua picha unajikuta juu ya maji yanayometameta, na chini yako yupo wewe mwingine, kichwa chini miguu juu, anatikisika.

Maji hayo alikuwa nayo mpiga picha mmoja tu, Gasto.

Damari, au Mama Belinda kama wengi walivyomwita, alikuwa na studio iliyotazamana na ya Gasto pale Utemini, barabara ya vumbi ikiwa katikati. Zamani alikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha mafuta ya alizeti. Kiwanda kilipobinafsishwa, mwenye mali mpya alikuja na wapiga chapa wake, Damari akaenda nyumbani na kiinua mgongo. Akanunua kamera, baadaye skana na kompyuta iliyokwisha kutumiwa, akajifunza mwenyewe kusafisha picha za zamani zilizoliwa na mchwa. Alijivunia kazi hiyo. Lakini mwezi ule alikaa dirishani akihesabu vichwa vinavyoingia upande wa pili.

Shemeji yake Sixbert, aliyekuwa Kariakoo, ndiye aliyemletea matumaini. Alituma sidii kwa basi, imefungwa kwenye gazeti, pamoja na barua fupi: "Shemeji, maji yamo humu. Hii inaitwa plagini. Ni kiprogramu kidogo kilichotengenezwa na watu wengine kabisa. Ukikichomeka kwenye ile programu yako kubwa ya picha, inapata ujuzi ambao haikuzaliwa nao."

Damari akaichomeka. Akanakili faili, akaliweka mahali alipoona pazuri, katikati ya kioo, akafungua programu. Hakuna maji. Akasoma ile barua tena, akatafuta ndani ya folda za programu mpaka akapata moja iliyoandikwa kwa Kiingereza jina lilelile la plagini, akalihamishia humo. Hakuna maji. Akafunga programu, akaifungua upya, na safari hii moyo ukamruka: jina la maji lilikuwapo kwenye orodha! Ila maandishi yake yalikuwa yamefifia kama kanga iliyoanikwa juani mwaka mzima. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, kama anaua chawa. Kimya.

Akaenda kwenye kibanda cha simu, akampigia Sixbert.

"Ajabu," Sixbert akasema. "Hapa kwangu inafanya kazi."

"Basi hamia hapa na kompyuta yako," Damari akasema, akakata simu.

Jumanne ile, akiwa bado na hasira, wakaingia wazee wawili kutoka Unyambwa, Mzee Alute na mkewe Bibi Cecilia. Damari akainuka.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," wakajibu pamoja.

Walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na Jumapili wangeombewa kanisani. Walitaka picha kubwa ya kuonyesha siku hiyo, kisha itundikwe sebuleni.

"Na maji," Bibi Cecilia akaongeza. "Wifi yangu amepigwa yenye maji. Tulisikia ni studio ya hapa Utemini. Ndiyo hii?"

Hapo Damari angeweza kunyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Badala yake akasikia mdomo wake unasema, "Ndiyo hii, Bibi. Maji yapo."

Akawasimamisha, wakashikana mikono bila kuambiwa, akawapiga picha, akawaambia warudi Jumamosi. Walipoondoka akakaa chini, akajiuliza amepatwa na nini. Jumatano alijaribu tena, akaona maandishi yaleyale yaliyofifia. Alhamisi vilevile.

Ijumaa akavaa dera la dada yake, akajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, akaweka miwani mikubwa ya jua, akavuka barabara.

"Nataka picha ya maji," akamwambia Gasto kwa sauti ya puani. "Na nataka kuiona ikitengenezwa. Mimi ni mgeni, natoka Manyoni. Nina haraka."

Gasto alimtazama kidogo. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anayependa sana kusikika. "Karibu, mama wa Manyoni. Ya kwako inabidi filamu isafishwe kwanza. Lakini kaa hapa, nikuonyeshe kwa picha ya mteja mwingine."

Akafungua picha ya bwana mmoja, imesomwa na skana kwa rangi nyeusi na nyeupe. Akashusha orodha, na Damari akaliona lile jina la maji, limefifia vilevile kama kwake! Akasogea mpaka paji la uso likakaribia kugusa kioo.

"Mbona hilo limefifia?" akauliza, sauti ya puani ikamponyoka.

"Hapo ndipo wengi wanaposhindwa," Gasto akasema, kifua kikipanda. "Hii plagini haitii maji kwenye picha ya nyeusi na nyeupe. Lazima kwanza uiambie programu kwamba hii ni picha ya rangi, hata kama rangi hazionekani. Unakuja hapa, unachagua hapa. Sasa tazama." Akashusha orodha tena, na jina lilikuwa limekolea wino. Akabonyeza, na yule bwana akaota maji miguuni.

Damari alikumbuka skana yake. Kwa miezi yote hiyo aliiacha ikisoma nyeusi na nyeupe, kwa sababu ya zile picha zake za zamani. Hata ya Mzee Alute ilipita hivyohivyo.

"Asante," akasema, akiinuka. "Nimekumbuka nina basi."

"Mama Belinda," Gasto akaita, "angalia mlangoni usijikwae, hiyo miwani ni nyeusi sana."

Damari akasimama. "Ulinijua?"

"Tangu unavuka barabara."

"Sasa mbona umenionyesha?"

Gasto akakuna shingo. "Mimi ilinichukua wiki mbili kuligundua hilo. Wiki mbili, Mama Belinda! Na nilipoligundua sikuwa na mtu wa kumwambia. Wateja wanataka maji, hawataki kujua yametoka wapi."

Damari akavua miwani, akacheka mpaka akakaa tena. Wakazungumza habari za plagini hadi adhuhuri, na mteja mmoja aliyechungulia mlangoni akaondoka.

Jumamosi asubuhi wazee walikuta picha tayari, kubwa, maji yake yanang'aa. Bibi Cecilia akapiga kigelegele. Mzee Alute akaivuta karibu, akaisogeza mbali, uso ukakunjamana.

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Vimefunikwa na maji kidogo, Mzee."

"Viatu vipya! Nimevinunua kwa ajili ya picha hii!" Akaigeuza picha juu chini, akivitafuta kwa yule Alute wa kwenye maji, naye hakuwa navyo. "Na maji ya nini? Ziwa naliona kila siku nikipeleka ng'ombe."

"Mimi nayataka," Bibi Cecilia akasema.

"Mimi siyataki."

"Miaka hamsini," Bibi Cecilia akamwambia Damari, "ni hivi."

Damari akawaomba wakae. Akarudia mwanzo, na kabla ya kuita maji akazungushia mstari upande wa Bibi Cecilia peke yake, kuona kama plagini itakubali kubaki ndani ya mpaka. Ilikubali. Printa ikanguruma, karatasi ikatoka taratibu: Bibi Cecilia juu ya ziwa, Mzee Alute kwenye zulia kavu, viatu vikimeremeta, na mikono yao imeshikana pale maji yanapokomea.

Wazee wakaiangalia muda mrefu, vichwa vimegusana.

"Inaonekana unanivuta nitoke," Bibi Cecilia akasema.

"Au wewe unanivuta niingie."

"Hujawahi kuingia."

Akaifunga picha kwenye kanga yake, akaikumbatia, akatangulia nje. Mzee Alute akabaki nyuma, akamsogelea Damari, akapunguza sauti.

"Mwanangu, nitolee na nyingine, ndogo. Ya viatu peke yake."